Nilimkatia mwanafunzi neno moja, sasa mamake hanijibu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nina miaka 29, niko Mombasa. Sina darasa la ubao na chaki. Nasomesha kwa kompyuta, na wanafunzi wangu wote ni watu wa Kichina: wawili ni watu wazima wa China bara, mmoja ni dada wa Taiwan, na wa nne ni kijana wa miaka 17 wa Hong Kong. Huyu kijana ndiye aliyenifanya nikuandikie. Namsomesha kila Ijumaa saa kumi alasiri, kwao ikiwa saa tatu usiku.

Miezi miwili iliyopita alikuwa akiandika maelezo yake binafsi ya kuombea nafasi katika chuo kimoja cha ng'ambo. Katikati ya maelezo akaandika kwamba mwaka uliotangulia alipata "three demerits", zikahesabiwa kuwa "one minor offence". Mimi nikacheka kidogo. Neno "demerit" nalijua tangu sekondari, maswali ya mtihani yalijaa "merits and demerits" za hiki na kile, maana yake faida na hasara. Nikamwambia mtu hapati dosari, mtu huwa nazo. Nikakata kwa wino mwekundu, nikaweka "three shortcomings", na ile "minor offence" nikaigeuza "a small mistake". Kijana alinyamaza kidogo, akasema sawa mwalimu. Nikamwuliza kama ameelewa, akasema ndiyo.

Kumbe chuo kina ripoti yake ya shule. Kwenye mahojiano ya video wakamwuliza mbona ripoti inaonyesha demerits tatu, mbili za kuchelewa na moja ya kutumia simu darasani, na yeye kwenye maelezo yake anazungumzia mapungufu ya tabia na kosa dogo. Akakwama, hakupata la kusema. Sasa wanataka maelezo ya maandishi kabla ya kuamua.

Usiku ule mamake alinitumia ujumbe kwa WhatsApp, mstari mmoja: "Teacher, you have a big fault." Nimemwandikia mara tatu, alama zinaonyesha amesoma, hajibu. Shangazi, yale maneno yaliniuma. Nimekaa na mwanawe miezi kumi na moja, leo naambiwa nina kasoro kubwa, kama kwamba mimi ndiye mbovu.

Nataka kujua mambo matatu. Nikiandikie chuo mwenyewe nieleze? Nimrudishie mama pesa zake? Na haya maneno ya dosari na adhabu niyafundishe vipi, maana naona hata mimi sikuwa nayajua.

Mwalimu wa Skrini, Mombasa

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lenye uchungu. Kijana aliandika sawasawa. Sentensi uliyoikata ilikuwa nzima, na uliyoiweka ndiyo iliyoharibika. Ulipomwuliza kama ameelewa, alikubali kwa sababu wewe ni mwalimu na yeye ni mwanafunzi, basi. Mtoto aliyelelewa katika shule za Hong Kong hatakubishia mbele ya skrini, na hasa hatakubishia juu ya adhabu ambayo tayari inamtia haya. Ule unyamavu wake wa kitambo ndio uliokuwa jibu, nawe ukaupita.

Mimi nilikaa Hong Kong miaka sita, marehemu mume wangu akifanya kazi melini, nami nikisomesha watoto wa majirani. Mtoto wa mlango wa pili alikuwa kidato cha pili. Jioni moja akanifungulia kitabu chake cha shule, kile wanachotembea nacho mwaka mzima, akanionyesha ukurasa wenye jedwali. Upande mmoja mazuri, upande mmoja mabaya. Tarehe, sababu, sahihi ya mwalimu, sahihi ya mzazi. Upande wa mabaya alikuwa na mstari mmoja tu, na ule mmoja alikuwa ameufunika kwa kidole gumba muda wote tuliokuwa tunazungumza.

Juu ya safu ile kulikuwa na herufi mbili: 缺點. Watu wa Hong Kong, wanaosema Kikantoni, hutamka *kyut dim*. Kwa Kimandarini ni *quēdiǎn*. Herufi ya kwanza ni upungufu, kitu kisichotimia. Ya pili ni nukta. Sasa sikiliza vizuri, maana ndipo ulipoteleza. Kila Mchina hulitumia neno hili kwa dosari ya kawaida: dosari ya mchumba, dosari ya simu mpya, dosari ya kuishi ghorofa ya thelathini. Lakini shule nyingi za Hong Kong zimelichukua neno lilelile zikalifanya alama ya nidhamu. Hapo si tabia tena, ni kitu unachoandikiwa. Kwa Kiingereza shule nyingi huiita "demerit".

Na alama ile ina hesabu yake. Kwa kawaida tatu hufanya "kosa dogo", *siu gwo*, na makosa madogo matatu hufanya "kosa kubwa", *daai gwo*. Upande wa mazuri uko ngazi ileile ikipanda: nukta bora tatu ni sifa ndogo, sifa ndogo tatu ni sifa kubwa. Kijana wako alikuwa anahesabu. Demerits tatu, kosa dogo moja. Wewe ukasoma hesabu kama maungamo.

Sikulaumu sana, maana najua ulikotoka. Sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa na Kiingereza cha mtihani, na Kiingereza cha mtihani kinaipenda "merits and demerits" kama harusi inavyopenda pilau. Wahindi vivyo hivyo, na Wachina wenyewe pia, kwa sababu kamusi zao za Kiingereza huweka mbele ya "demerit" maana zote kwa mkupuo: dosari, kosa, alama ya adhabu. Mwanafunzi huchukua ya kwanza anayoiona. Hapo ndipo wengi wa kwao wanapokosea, wanaandika "the demerits of my city" wakikusudia foleni na joto. Wewe umezoea kusahihisha kosa hilo, ukaliona hata mahali ambapo halikuwepo.

Sasa nikupe jambo ambalo ningependa mtu angenipa mimi mapema. "Demerit" ni neno moja la Kiingereza, ila kwa wanafunzi wako wanne linaangukia ngazi tatu tofauti.

Kwa kijana wa Hong Kong, kama nilivyosema, ni ngazi ya chini kabisa. Ukichelewa mara kadhaa unaandikiwa.

Kwa dada wa Taiwan chini yake kuna kitu kingine. Huko ngazi huanza na onyo. Maonyo matatu ni kosa dogo, nalo kwa Kiingereza huliita "minor demerit". Makosa madogo matatu ni kosa kubwa, "major demerit". Zamani, makosa makubwa matatu yalikuwa na maana ya kuaga shule. Tena Taiwan sifa na kosa huweza kufutana: ukiwa na sifa ndogo ya kusaidia maktaba, inaweza kula kosa dogo la kutoroka kipindi. Wana msemo wa jambo hilo, na wanautumia hata wakizungumzia mawaziri.

Kwa wale wawili wa China bara mambo ni mazito zaidi. Kanuni ya Wizara ya Elimu ya huko kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu, iliyoanza kutumika Septemba 2017, inataja adhabu tano: onyo, onyo kali, *jiguo*, kubaki chuoni chini ya uangalizi, na kufutwa uanafunzi. Hiyo *jiguo* ndiyo wanayoifasiri kuwa "demerit". Maana yake neno kwa neno ni "kuandika kosa", na iko ngazi ya tatu, hatua mbili tu kabla ya kufukuzwa. Hapana cha tatu kuwa moja. Mwanafunzi wa Beijing akikwambia ana "demerit" usimchukulie kama mtoto wa Hong Kong aliyechelewa basi. Huyo ana jambo.

Na hiyo herufi *guo* ya China bara ndiyo *gwo* ya Hong Kong. Maana yake ya kwanza ni kupita. Kupita barabara, kupita mtihani, kupita kiasi. Aliyepita mpaka amekosa. Sisi tunasema mtu amevuka mpaka na hatuhitaji kuelezwa zaidi. Ila mashine za kufasiri huhitaji. Zikikutana na kosa kubwa la shule, wakati mwingine hutoa "big pass", mtoto akaonekana amefaulu sana. Ukiona kufaulu kwa ajabu katikati ya habari za mwalimu wa nidhamu, ujue ndiko huko.

Kwa hivyo, kabla ya kalamu nyekundu, uliza. Mambo mawili tu: nani alikupa? na inafutika? Dosari haipewi na mtu wala haina tarehe. Demerit ya shule ina aliyeiandika, ina siku yake, na mara nyingi ina njia ya kuifuta. Hong Kong shule nyingi zina mpango wa kujirekebisha: mtoto anakaa muda fulani bila kosa, anafanya kazi kidogo ya shule, alama inaondolewa. Mwulize kijana wako kama zake zilifutwa. Kama zilifutwa na wewe hukujua, basi hata ile sentensi yake ya kwanza ilikuwa imebakisha habari nzuri kuliko zote.

Kwa kitenzi, mzoeze "I was given" au "I got". Wa China bara watakuletea "I was recorded a big mistake", maana ndivyo kwao kinavyojengwa. Na wote, wa huko na wa huku, watakwambia "my teacher criticised me" kwa maana ya mwalimu alinigombeza. Mwingereza akisikia "criticised" anawaza mwalimu aliyeandika uchambuzi wa kurasa mbili. "Told me off" yatosha. Na ile hatua ya kubaki chuoni chini ya uangalizi, Kiingereza kina neno lake fupi, "probation". Usiwaache waandike "stay in school and be watched", inatisha.

Sasa hizo dosari za kawaida. Hapa Kiswahili chenyewe kinakusaidia kuliko kitabu chochote cha sarufi, na nashangaa walimu wetu hawakitumii.

"Drawback" ni lile linalokuja baada ya *ila*. Chumba kizuri, bei nafuu, karibu na stesheni, ila ukuta ni mwembamba unasikia jirani akipiga mswaki. Hiyo *ila* ndiyo "drawback". Kitu chenyewe lazima kiwe kizuri kwanza. Mtu hasemi "drawback" ya malaria. Kwetu *ila* ni kiunganishi na pia ni dosari, maneno mawili yaliyotoka Kiarabuni kwa njia mbili, yakakutana mdomoni mwetu yakafanana. Mwanafunzi wako hana bahati hiyo, lakini ukimpa zoezi la kusifu kitu kwa sentensi moja kisha akitie *but*, atalipata neno bila kamusi. Halafu ucheke naye kidogo: nenda forodhani pale Kilindini useme "drawback", watadhani umekuja kudai ushuru urudishiwe, maana kwa watu wa forodha neno hilo ndilo jina la ushuru unaorudishwa bidhaa ikisafirishwa nje.

"Shortcoming" ni ya kutofika kipimo. Mtu, mpango, ripoti. Ukitaka kuwa mkweli, hili ndilo lililo karibu na ile herufi ya upungufu, kwa hivyo kimaana ulichagua vizuri. Mahali ndipo palipokataa. "Flaw" ni ufa katika kitu kizima, kikombe cha kahawa chenye alama mdomoni. "Defect" ni ya kiwandani na mwilini, usimpe mtu kama sifa ya tabia yake, ni tusi. "Weakness" ndiyo ya mahojiano ya kazi. "Disadvantage" inakaa popote, haina ladha, wafundishe kwanza kisha muendelee.

Na "demerit" kwa maana ya hasara? Ipo, si kosa. Lakini haipendi kutoka peke yake, hutembea na "merits" bega kwa bega, mtu akipima pande mbili za mpango au sheria. Ikionekana peke yake, tena ina namba mbele, ni ya shule, ya jeshi au ya barabarani.

Ya barabarani nisiipite kabisa. Singapore na Australia huwaandikia madereva "demerit points" hadi leo. Singapore ukifika 24 ndani ya miezi 24, leseni inasimamishwa. Hong Kong kikomo ni 15 ndani ya miaka miwili. China bara ni 12 kwa mwaka. Tatizo la mwanafunzi wako hapo ni mwelekeo. Kichina husema pointi "zimekatwa", kama akiba inayopungua. Kiingereza husema umezipata, mzigo unaoongezeka. Atakwambia "I was deducted three points" na wewe utafikiri anazungumzia mtihani.

Ajabu ya neno hili, zamani sana kwa Kiingereza "demerit" iliweza kumaanisha sifa, kile mtu anachostahili kwa wema wake. Ikageuka. Usimfundishe kijana hilo mwezi huu, ana mengi.

Nawe pia hukuhitaji kwenda Hong Kong kuyaelewa haya. Kama ulisoma shule kama zetu, unakumbuka karatasi ya wapiga kelele, kiranja anaandika jina lako, ukiendelea anaweka alama mbele ya jina. Kwa sisi wa zamani kulikuwa na kibao cha kuvishwa shingoni ukisema Kiswahili au lugha ya nyumbani, unatembea nacho hadi umnase mwenzako umpe. Nilikivaa mara mbili nikiwa darasa la tano. Angetokea mtu akaandika kwamba darasa la tano nilikuwa na "mapungufu mawili ya lugha", ningemkasirikia hadi leo.

Tuje kwenye maswali yako.

Chuo usikiandikie. Mwalimu wa kulipwa akijitokeza kumtetea mwanafunzi, watauliza maelezo yale aliyaandika nani, na hapo mtoto atakuwa na shida ya pili. Aandike yeye, mistari mitano, kwa maneno yake. Sentensi ya katikati irudi kama alivyoiandika mwanzo, na aongeze kwamba ni hesabu ya shule yake: "I was given three demerits, which my school counts as one minor offence." Aseme mbili zilikuwa za kuchelewa na moja ya simu. Aseme kama zimefutwa. Kisha aseme kwamba katika kusahihisha lugha sentensi ilibadilishwa na akaikubali. Asikutaje kwa jina, asikulaumu, asijilaumu kupita kiasi. Wewe kazi yako ni kuangalia tahajia, na mkono wako uishie hapo. Ile nakala yenye wino wako mwekundu usiifute. Mtumie mama pamoja na ile ya kabla, aone kwa macho yake kwamba mwanawe alisema kweli tangu mwanzo. Kwa sasa hilo ndilo analolitaka kuliko kitu chochote, kwa sababu anadhani mwanawe ameonekana mwongo.

Pesa, rudisha ya kipindi kile kimoja. Usirudishe ya miezi kumi na moja. Ukirudisha zote utakuwa unasema hukumfundisha chochote, na hilo si kweli, tena litamtia mama wasiwasi kwamba kuna mengine uliyoyaharibu.

Sasa ule ujumbe uliokuchoma. Wewe ulisoma "fault" kama kasoro ya mtu, ukaona umeambiwa mbovu. Usome tena kwa sikio la Kichina. Anayewaza kwa lugha hiyo husema mtu "ana kosa kubwa" kwa kitendo kimoja alichokifanya, na ile herufi ya *gwo* imo mulemule. Kiingereza chake kingekuwa "you made a serious mistake". Nadhani mama alikuandikia adhabu, mwanangu, si tabia. Amekupa *daai gwo* moja. Umefanya kwa ujumbe wake vilevile ulivyofanya kwa karatasi ya mwanawe.

Na zile jumbe zako tatu, nina hakika zilikuwa ndefu na zilikuwa za kujieleza. Tuma ya nne, fupi, kwa Kiingereza chepesi ambacho hatahitaji mashine kukisoma: kwamba kosa ni lako, kwamba mwanawe aliandika sahihi na wewe ulibadilisha bila kumwuliza, na kwamba nakala mbili umeziambatisha. Itume asubuhi ya kwao, si usiku. Kwa saa za Mombasa hiyo ni saa tisa ya alfajiri. Tega simu ikuamshe.

Shangazi